Kung'oa na Kubomoa: Historia ya Vitenzi vya Kiingereza vya Uharibifu na Wajibu wa Mhubiri

UTANGULIZI

Nabii Yeremia alipoitwa katika ujana wake alikabidhiwa vitenzi sita. Vinne vya kwanza ni vya kung'oa, kubomoa, kuharibu na kuangusha, viwili vya mwisho ni vya kujenga na kupanda (Yer. 1:10). Kwa hiyo si haki kusema kwamba Neno la Mungu halijui kubomoa. Lakini pia si haki kuvichukua vile vinne kana kwamba ni kitenzi kimoja tu, na kuvisahau vile viwili vinavyofuata.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya vitenzi ambavyo Waingereza huvitumia kueleza tendo la kuharibu: jinsi vilivyozaliwa, jinsi vilivyohama maana, na jinsi vilivyoingia katika Biblia zao. Huenda msomaji akauliza, mambo hayo yanatuhusu nini sisi tunaohubiri kwa Kiswahili? Yanatuhusu kwa sababu vitabu vingi vya ufafanuzi wanavyovitumia wanafunzi wetu vimeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mwanafunzi hulielewa andiko kwa Kiingereza kwanza ndipo alirudishe katika lugha ya washarika wake. Katika safari hiyo mzigo hubadilika njiani.

Mwanafunzi wetu mmoja aliwahi kuandaa hubiri juu ya Kol. 2:15 akitumia Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Humo alikuta kitenzi "spoil", naye akaandika kwamba Kristo msalabani "aliziharibu" enzi na mamlaka, kama chakula kinavyoharibika. Tulicheka pamoja naye, kisha tukafungua Biblia ya Kiswahili na kukuta kwamba enzi hizo "zilivuliwa". Kosa hilo lilisahihishika darasani. Yapo mengine yasiyosahihishika kwa urahisi hivyo. Katika mkesha mmoja wa maombi tuliohudhuria, kiongozi aliwaongoza watu kumsihi Mungu awaangamize adui zao, na neno alilolikariri mara nyingi zaidi lilikuwa la Kiingereza, "destroy". Baada ya wiki hiyo mama mmoja mjane aliacha kuja ibadani. Tulipomtembelea alituambia kwa utulivu kwamba anajua majirani wanamaanisha nani wanaposema adui. Kwa sababu yake tumeona vema kuandika.

1. MANENO YA WENYEJI NA MANENO YA WAGENI

Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, hakikuwa na kitenzi "destroy". Kilikuwa na maneno yake yenyewe. Mojawapo ni "spillan", ambalo siku hizi limebaki kumaanisha kumwaga maji au maziwa, lakini hapo kale lilimaanisha kuua na kuharibu. Jingine ni "forleosan", lililobeba kwa pamoja maana ya kupoteza na maana ya kuharibu. Kutokana nalo Kiingereza cha leo kimebaki na neno "forlorn", yaani aliyeachwa ukiwa, na Kijerumani kina ndugu yake, "verloren", aliyepotea. Tuliweke akilini neno hili, maana tutalirudia.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana, na pamoja nacho yakaingia maneno mengi yenye asili ya Kilatini. "Destroy" lilipokelewa katika karne ya 13. Asili yake ni "destruere" la Kilatini. Shina lake, "struere", ni kupanga kitu juu ya kitu, kama fundi apangavyo mawe ya ukuta. Na kile kiambishi cha mbele hugeuza tendo hilo kinyume. Kiswahili kina kauli ya kutendua inayofanya kazi iyo hiyo: kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua, kupanga na kupangua. Kwa hiyo katika asili yake "destroy" ni kupangua. Anayepangua huyaacha mawe pale pale. Kilichotoweka ni mpango wake. Tena, hakiwezi kupanguliwa kitu ambacho hakikupangwa kwanza.

Maneno mengine ya ukoo huu nayo yana picha zake. "Demolish" limetokana na neno la Kilatini la jengo kubwa na zito. Hata hivyo, Biblia ya Kilatini hulitumia neno hilo kwa kazi ya nondo alaye nguo (Mt. 6:19), kana kwamba mdudu yule mdogo naye ni mbomoaji wa majumba. "Ruin" lina picha ya kitu kiangukacho chenyewe kwa kishindo. "Raze" ni kukwangua, kama mtu akwanguavyo wino juu ya ngozi ya kuandikia. Neno hili ndilo lililotumiwa na watafsiri wa mwaka 1611 katika Zab. 137:7, mahali ambapo Kiebrania husema juu ya kuuacha mji wazi hata msingi uonekane, na Kiswahili chetu husema kubomoa.

Neno "waste" latustahili zaidi, kwa kuwa lina historia iliyoandikwa kwa damu. Kilatini "vastare" ni kuifanya nchi iwe tupu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1069 na 1070 Mfalme William aliadhibu maasi ya kaskazini mwa Uingereza kwa kuchoma vijiji, mazao na akiba za chakula, hata watu wengi wakafa kwa njaa. Mwaka 1086, makarani wake walipoorodhesha mali ya nchi katika kitabu kiitwacho Domesday, waliandika neno "wasta" mbele ya mashamba mengi ya kaskazini: tupu, hakuna kitu. Sisi wa Tanzania hatuhitaji kamusi kulielewa neno hilo. Katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ya kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

2. VITENZI VILIVYOHAMA MAANA

Vipo vitenzi ambavyo maana yake ya leo imekwenda mbali na nyumba iliyovizaa. Tutavitaja vitatu.

Cha kwanza ni "spoil" la mwanafunzi wetu. Kilatini "spoliare" ni kumvua mtu nguo au kumvua adui aliyeanguka silaha zake. Katika Kiingereza cha mwaka 1611 maana kuu bado ilikuwa kuteka nyara. Baadaye ikawa kuharibu, chakula kuoza, na hata kumdekeza mtoto. Kitenzi cha Kigiriki katika Kol. 2:15 ni cha kuvua nguo, na Kiswahili kimekifuata kwa uaminifu. Mtawala aliyevuliwa joho lake mbele ya watu hajafa. Ameaibishwa, na hana tena cha kumtishia mtu.

Cha pili ni "decimate". Katika jeshi la Warumi, kikosi kilichokimbia vitani kiliweza kuadhibiwa kwa kupigiwa kura, na mtu mmoja katika kila kumi aliuawa na wenzake. Mwaka 71 kabla ya Kristo jemadari Crassus aliirudisha adhabu hiyo katika vita dhidi ya Spartacus. Siku hizi Waingereza wengi hutumia "decimate" kwa maangamizi yoyote makubwa, na wapo wanaonung'unika wakidai kwamba neno libaki na hesabu yake ya kumi. Lakini msomi wa theolojia ataona jambo jingine. Katika Biblia ya Kilatini kitenzi hiki hiki, "decimare", ndicho kitumikacho kwa Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira (Mt. 23:23). Neno moja lilitumika kwa fungu la kumi litolewalo kwa Mungu na kwa fungu la kumi litolewalo kwa upanga. Hata serikali ya Cromwell, mwaka 1655, iliwatoza wafuasi wa mfalme kodi ya sehemu ya kumi ya mapato ya mali zao, na kodi hiyo ikaitwa kwa jina la kitenzi hiki. Basi tunajifunza kwamba shina la neno peke yake halitoshi kutuambia kama tendo ni ibada au ni mauaji. Hatuna budi kuuliza ni nani anayetenda, kwa nani, na kwa kusudi gani.

Cha tatu ni "exterminate", na hapa tunaingia mahali pa kutisha. Katika Kilatini neno hili ni kumtoa mtu nje ya mpaka, yaani kumfukuza. Mt. 6:16 ya Kilatini hulitumia kwa wanafiki wanaokunjamanisha nyuso zao. Taratibu, kufukuza kukawa kuua pia. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana wa jimbo la Missouri huko Marekani, Lilburn Boggs, alitoa amri juu ya Wamormoni akiweka mambo mawili pamoja: ama waangamizwe, ama wafukuzwe jimboni. Amri hiyo ilikuja kufutwa rasmi mwaka 1976. Tarehe 2 Oktoba 1904, katika nchi ambayo leo ni Namibia, Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri dhidi ya Waherero, na vitabu vya Kiingereza huiita amri hiyo kwa jina lililotokana na kitenzi hiki hiki. Humo pia kufukuzwa na kuuawa viliandamana: asiyeondoka nchini atapigwa risasi, na aliyeondoka alisukumiwa jangwani pasipo maji. Kitenzi kilikuwa kimesafiri kutoka mpakani hadi kaburini, na watu wakasafirishwa pamoja nacho.

3. NENO MOJA MAHALI PA MENGI

Sasa tuje kwenye Biblia za Kiingereza zenyewe. William Tyndale alichapisha Agano Jipya mwaka 1526, akalisahihisha mwaka 1534, na akauawa mwaka 1536. Aliyatafsiri Maandiko kutoka katika lugha za asili huku kazi ya Luther ikiwa mezani pake. Baadaye zikafuata tafsiri nyingine hadi ile ya mwaka 1611. Watafsiri wa mwaka huo walieleza katika dibaji yao kwamba hawakujifunga kulitafsiri neno moja la asili kwa neno moja la Kiingereza kila mahali. Walipenda wingi wa maneno. Matokeo yake ni mawili. Upande mmoja, "destroy" limewekwa mahali pa makumi ya maneno ya Kiebrania na mengi ya Kigiriki. Upande mwingine, neno moja la asili limegawanywa katika maneno kadhaa ya Kiingereza. Tutazame mifano mitano.

(a) Kutangua. Katika Mt. 5:17 Bwana Yesu anasema hakuja kuifanyia torati jambo fulani. Kigiriki ni "kataluein", kufungua kilichofungwa. Kilatini kilisema "solvere", Luther akasema "auflösen", na tafsiri ya wafuasi wa Wycliffe katika karne ya 14 ikasema "undo". Zote ni picha ya kufungua fundo. Tyndale katika toleo la mwaka 1534 aliweka "destroy", na ile ya mwaka 1611 ikamfuata. Tafsiri ya Kiingereza iliyokamilika mwaka 1952 ilirudi kwenye wazo la kufuta sheria. Mwaka huo huo ilitoka Biblia yetu ya Kiswahili ya Union, nayo ina neno zuri mno: kutangua, kama mtu atanguavyo ndoa au mapatano. Mwanafunzi aliyeuacha utangulizi huu wa Kiswahili na kuandika kwamba Yesu "hakuja kuiangamiza torati" amelifanya andiko liwe jepesi kuliko lilivyo. Hakuna aliyemshuku Yesu kwamba anataka kuchoma magombo. Hofu ilikuwa kwamba analegeza kifungo.

(b) Kupotea. Kigiriki "apollumi" kimegawanywa vikali katika Kiingereza. Katika sura moja tu, Mt. 10, kitenzi hiki kinaonekana kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli (aya ya 6), kwa yeye awezaye kuangamiza mwili na roho (aya ya 28), na kwa mtu aipotezaye nafsi yake na kuiona (aya ya 39). Msomaji wa Kiingereza hukutana na "destroy" katikati ya "lose" na "lost", wala haoni kwamba ni neno lile lile. Vivyo hivyo Yn. 3:16 katika Kiingereza ina "perish", hali Lk. 15 ina "lost". Luther hakuyatenganisha: mahali pote pawili aliweka "verloren", lile neno tulilomwomba msomaji aliweke akilini. Kiswahili nacho kimesema asipotee katika Yohana, na amepotea katika Luka. Washarika wetu wanayo tunu ambayo Kiingereza kimeipoteza: anayesikia Yn. 3:16 kwa Kiswahili husikia ndani yake kondoo, shilingi na mwana. Agano la Kale nalo linashuhudia. Kitenzi "abad" cha Kiebrania, ambacho katika kauli ya kusababisha ni mojawapo ya vile vitenzi vinne vya Yeremia, ndicho kitumikacho kwa punda wa Kishi waliopotea (1 Sam. 9:3). Kuangamia katika Maandiko kuko karibu sana na kupotea, na aliyepotea anaye amtafutaye.

(c) Kuharibu na kuharibika. Katika Mwa. 6:11-13 Kiebrania hutumia kitenzi kimoja, "shachat", kwa dunia iliyoharibika, kwa wenye mwili walioiharibu njia yao, na kwa hukumu ya Mungu juu yao. Tafsiri ya mwaka 1611 ina "corrupt" kwa dhambi na "destroy" kwa hukumu, na uzi umekatika. Hali ni hiyo hiyo katika 1 Kor. 3:17: kwa Kiingereza cha mwaka 1611 mtu hulitia hekalu unajisi, ndipo Mungu humharibu, lakini Kigiriki kina kitenzi kimoja mara mbili, na Kiswahili chetu pia kinasema kuharibu mara mbili. Fundisho lake ni zito. Hukumu ya Mungu haiji kama jambo geni kutoka mbali. Mungu anamwachia mwanadamu avune kitenzi kile kile alichokipanda. Katika Ufu. 11:18 neno hili linahusu wale waiharibuo nchi, na katika siku hizi za misitu kukatwa na vyanzo vya maji kukauka hatuna haja ya kutafuta mfano mbali.

(d) Kubatilisha. Kiingereza cha mwaka 1611 husema kwamba adui wa mwisho, mauti, "atakuwa destroyed" (1 Kor. 15:26), na kwamba mwili wa dhambi nao vivyo hivyo (Rum. 6:6). Kigiriki ni "katargein", neno lililotungwa kutokana na kukosa kazi: kukifanya kitu kisifanye kazi tena. Kiswahili katika mahali hapo pawili kimechagua kubatilisha na kubatilika. Hapa Mlutheri anapaswa kuwa makini. Tukimwambia aliyebatizwa kwamba dhambi ndani yake imeangamizwa, atakata tamaa kesho asubuhi atakapoikuta ingali hai. Tukimwambia kwamba imebatilishwa, tumemwambia kweli ya Injili: hati ya mashtaka ingalipo mkononi mwa mshitaki, lakini haina nguvu mahakamani. Yeye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, naye aishi kwa ubatizo wake kila siku.

(e) Herem. Mfano wa mwisho ni mgumu kuliko yote. Katika Yos. 6 Kiebrania kina neno "herem", ndugu wa neno la Kiarabu lililotupatia haramu. Maana yake ni kukitenga kitu kabisa kwa ajili ya Mungu, kisitumiwe na mtu. Kiingereza cha mwaka 1611 kilisema mji umelaaniwa (aya ya 17), kisha watu wakauharibu kabisa (aya ya 21). Tafsiri yetu ya Union katika aya ya 17 inasema mji utakuwa wakfu. Neno wakfu haliondoi ugumu wa sura hiyo, wala hatutaki liuondoe; waliokufa Yeriko walikuwa watu. Lakini linatuonya juu ya jambo moja. Herem ilimkataza mshindi asichukue nyara, na Akani aliyevunja amri hiyo aliadhibiwa. Wale waliolitumia andiko hili katika historia kuhalalisha kunyang'anya ardhi na ng'ombe za wengine walikuwa upande wa Akani, si upande wa Yoshua.

4. KUFANYWA SI KITU

Kimebaki kitenzi kimoja kilichotoka moja kwa moja katika madarasa ya theolojia: "annihilate", kukirudisha kitu katika hali ya kutokuwapo. Kilatini "nihil" ni si kitu. Kwa maana halisi tendo hili ni la Mungu peke yake, kwa kuwa yeye aliyeumba pasipo kitu ndiye pekee awezaye kuurudisha uumbaji pasipo kitu. Mwanadamu achomapo nyumba hubakiza majivu.

Katika karne ya 17 swali hili liliwagawanya wanatheolojia wa Matengenezo. Johann Gerhard (1582-1637), mwalimu wa Jena, na baada yake Johannes Andreas Quenstedt (1617-1688), walifundisha kwamba siku ya mwisho dunia hii itaondolewa hata asili yake, isibaki kitu. Wanatheolojia wengi wa upande wa Calvin walifundisha kwamba dunia itafanywa upya. Luther mwenyewe alielekea zaidi kwenye wazo la dunia kubadilishwa. Tunawaheshimu baba zetu hao, lakini tunaona kwamba hapa kitenzi kiliwavuta kupita mahali ambapo andiko linasimama.

Andiko lililotegemewa sana ni 2 Pet. 3:10. Biblia ya mwaka 1611 inasema dunia na kazi zake zitachomwa, na Kiswahili chetu kinasema zitateketea. Lakini nakala mbili za kale sana, ya Sinai na ya Vatikano, zina kitenzi kingine: dunia na kazi zake "zitaonekana", yaani zitakutwa wazi mbele ya Mungu. Toleo la 28 la Nestle na Aland, la mwaka 2012, limeandika kinyume, "hazitaonekana", likifuata ushahidi wa tafsiri za kale za Kikopti na Kisiria. Basi wataalamu bado wanabishana, na mhubiri asijenge fundisho zima juu ya neno hilo moja. Afadhali atazame aya ya 6 ya sura iyo hiyo: dunia ya wakati ule iliangamia kwa maji. Kitenzi ni "apollumi" tena. Dunia ile iliangamia kweli, na hata hivyo Nuhu alishuka katika safina akasimama juu ya ardhi ile ile, akapanda mizabibu.

Jambo hili si la wasomi tu. Mkulima anayeambiwa kila Jumapili kwamba Mungu ataifanya dunia kuwa si kitu, kwa nini apande mti ambao wajukuu wake ndio watakaokaa kivulini mwake?

5. WAJIBU WA MHUBIRI

Kutokana na hayo tunapenda kuwashauri watumishi wenzetu na wanafunzi mambo matatu.

La kwanza, tusome Kiswahili kabla ya Kiingereza. Tangu Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, kupitia kazi ya Mlutheri mwenzetu Karl Roehl iliyotoka mwaka 1937, hadi Biblia ya Union ya mwaka 1952, watu wengi walitaabika wakipima kama neno liwe kutangua, kuvunja, kubomoa, kubatilisha, kupoteza, kuteketeza au kuangamiza. Hiyo ni hazina. Anayeyafuta yote na kuweka neno moja la Kiingereza anaupangua ukuta ambao hakuujenga.

La pili, tuulize kila kitenzi kina mtendaji gani. Mara nyingi katika Agano Jipya kinachovunjwa si mtu. Mwana wa Mungu alidhihirishwa ili azivunje kazi za Ibilisi (1 Yoh. 3:8), Kigiriki hapo ni kufungua, kama afunguavyo mtu kamba za mateka. Kuomba kwamba kazi za Ibilisi zivunjwe ni sala ya Kikristo. Kuomba kwamba jirani aangamizwe ni kuichukua sala hiyo na kuigeuzia kisogo Mt. 5:44.

La tatu, tusipunguze uzito. Hatusemi kwamba Maandiko hayajui maangamizi. Mt. 10:28 iko pale, na mchungaji asiyeisoma si mwaminifu. Lakini anayestahili kuogopwa katika aya hiyo ni Mungu, na aya inayofuata inawataja shomoro wawili ambao hata mmoja wao haanguki bila Baba. Mamlaka ya kuangamiza hayakukabidhiwa kwa kiongozi wa mkesha, wala kwetu sisi tulio na kola shingoni.

HITIMISHO

Tulimtembelea yule mama mjane mara tatu. Mara ya tatu tulimsomea Lk. 15, habari za mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba akitafuta shilingi yake. Aliuliza kama kweli neno lile ni moja na lile la Yohana. Tukamwambia ndiyo, ni moja. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi lake la siku zote, na mzee wa kanisa aliyeongoza ule mkesha alisogea, akampa nafasi, kisha akamsalimu: "Shikamoo mama." Hatujui waliyoyasema baadaye, wala haikutupasa kuuliza.

Mtume Paulo, aliyewahi kuliharibu kanisa kabla ya kuitwa, aliwaandikia Wakorintho kwamba mamlaka aliyopewa na Bwana ni ya kujenga, si ya kubomoa (2 Kor. 10:8, 13:10). Alikuwa amemsoma Yeremia. Alijua kwamba vitenzi ni sita, na kwamba mtumishi anayeishia katika cha nne bado hajamaliza kazi aliyotumwa.